Perege Mwenye Watoto Kinywani

Rozalia aliiona bahari akiwa na miaka ishirini, na hiyo ndiyo iliyomponza. Kwao Kihesa, Iringa, baba yake mzee Liberatus alipowaambia waumini nje ya kanisa kwamba bintiye anasomea samaki, walicheka mpaka wakashika mbavu. Mhehe na samaki wapi na wapi? Lakini kufikia mwaka 1978 Rozalia alikuwa na shahada na kazi kwenye kituo cha utafiti wa bahari, na swali moja lilikuwa limemng'ang'ania kama kupe: je, perege wanaovuliwa pale mto unapoingia baharini ni ndugu wa perege wa Usangu, huko juu mto huohuo unakotoka?

Jibu lilikuwa ndani ya seli, kwenye kromosomu, vile vijiti vidogo vinavyobeba urithi wa mzazi kwenda kwa mtoto, na vinavyoonekana tu seli inapogawanyika. Perege wa pwani alishawahesabia: arobaini na nne. Wa Usangu walimshinda. Mara tatu alijaribu, na mara tatu vijiti vilimjia vimerundikana, havihesabiki. Mkubwa wake akamwambia safari hii ndiyo ya mwisho; akirudi mikono mitupu, utafiti atapewa mwingine. Rozalia alijifungia akalia, akanawa uso, akaenda kupanda basi.

Alifikia kwa mzee Bujiku, mfugaji Msukuma aliyehamia Usangu, karibu na Madibira, na ng'ombe zake na mkewe Nyamizi. Bujiku alimvulia perege tisa kwenye dimbwi la mwisho lililobaki na maji kiangazi kile. Rozalia akawaweka hai kwenye beseni, akaenda kuoga apate kuanza kazi. Aliporudi, beseni lilikuwa tupu na jikoni kunanukia vitunguu.

"Mama, samaki wangu wako wapi?"

"Wako motoni," Nyamizi alijibu kwa furaha. "Mgeni anajipikiaje kwangu? Watu si watanisema?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mgeni huyu alitamani kufa. Alikaa chini palepale jikoni akamwaga yote: vijiti, mkubwa wake, safari ya mwisho. Nyamizi alisikiliza mkono shavuni, kisha akainuka.

"Kumbe ulitaka mazima! Si ungesema? Moja iko. Ile sikupika."

Akampeleka kwenye mtungi nyuma ya nyumba. "Hii ina watoto kinywani. Samaki yenye watoto mimi sitii chunguni, hata mama yangu alikuwa hatii. Jioni narudisha kwenye maji."

Perege akafumbua kinywa. Vitoto vidogo kama punje za ulezi vikachomoza, vikarudi mbio ndani. Rozalia alitaka kujipiga kofi. Mwaka mzima alihangaika na samaki wakubwa, ambao seli zao hugawanyika polepole, na wachanga, wanaokua kila saa, hakuwafikiria!

"Sasa utamfanya nini?" Nyamizi aliuliza.

Rozalia angeweza kusema atawatazama tu. "Mama yao simgusi. Ila watoto nitakaochukua watakufa."

"Ungenidanganya ningekunyima," Nyamizi alisema. "Chukua sita. Waliobaki wanaenda na mama yao."

Jioni ile walibeba mtungi kwa zamu mpaka dimbwini, wakamwachia perege na wanawe waliobaki. Rozalia alijua kwamba wale sita wakiharibika hana wengine. Hata hivyo hakujuta.

Kesho yake aliwalaza kwenye maji yenye dawa ya kusimamisha seli zikiwa katikati ya kugawanyika, na siku iliyofuata akatandaza seli zao kwenye vioo sita, kimoja kwa kila mtoto, akazipaka rangi ya zambarau, akaelekeza mwanga wa jua kwenye hadubini aliyokuja nayo, pale uani. Kioo cha kwanza, bure. Cha pili mpaka cha tano, bure. Akaweka cha sita. Vijiti vilikuwa vimetawanyika vizuri, kila kimoja peke yake. Akahesabu: arobaini na nne. Hilo peke yake halikuthibitisha undugu, lakini sasa utafiti ulikuwa na mahali pa kuanzia, na ulikuwa wake. Alipiga kigelegele, ng'ombe wakashtuka.

Nyamizi alikuja akichungulia kwa jicho moja. "Hivi ndivyo mama anampa mtoto?"

"Nusu yake. Nusu nyingine ya baba."

"Bujiku! Njoo uone sehemu yako!" Bujiku alicheka kutoka zizini, hakuja. Nyamizi naye alicheka, kisha akatulia na kumshika Rozalia mkono.

"Hesabu tena, mwanangu. Watoto wa watu wamekufa kwa ajili ya hii."

Rozalia akainama tena kwenye hadubini, akaanza upya kwa sauti, moja, mbili, tatu, na Nyamizi akihesabu pamoja naye kwa vidole.