Kishikwambi cha Mihayo

Kishikwambi cha marehemu Mihayo kilipogoma kuwaka, mkewe Justina alikitoa Bunda akakipeleka Musoma kwa fundi Luqmani. Ndani yake kulikuwa na video za mumewe akiimba kwenye harusi ya binti yao. Kilinunuliwa kikiwa kimeshatumika, ila waranti ya kiwanda ilikuwa haijaisha, kwa hiyo Luqmani akakituma huko.

Wiki kadhaa baadaye alimpigia simu kwa furaha.

"Mama, wamekupa kipya kabisa!"

Justina alikuja, akakiwasha, akatafuta. Hakikuwa na kitu.

"Kile changu kiko wapi?"

"Kiwandani hawatengenezagi, mama. Wanabadilisha tu. Cha zamani wanakiteketeza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unataka kishikwambi."

Justina alikiacha mezani, akatoka. Luqmani alimwita, lakini hakugeuka.