Mama wa Sekake Ambaye Hajazaliwa

Siku Pontsho alipofikishwa kwa wakwe zake, kijijini Ha Lebusa, walimvika blanketi, wakamlisha nyama ya kondoo, kisha wakaliweka kando jina alilokuja nalo. Wakampa la kwao: Masekake, mama wa Sekake. Sekake ni baba mkwe, na mjukuu wa kwanza sharti achukue jina la babu. Ndivyo Basotho wanavyomwita bi harusi: umama kwanza, mtoto atafuata.

Mtoto hakufuata. Miaka ikapita, Pontsho akiitikia jina la mama wa mtu asiyekuwapo. Akiitwa kisimani, anaitika. Akiitwa msibani, anaitika. Mwisho mumewe akarudi kutoka migodini na mwanamke mwingine, tumbo mbele, na wakwe bila haya wakachinja kondoo tena, wakampa mgeni jina lilelile. Pontsho akakunja blanketi lake, akarudi kwao ng'ambo ya mto.

Sasa Moleboheng alikuwa njiani kwenda kumpa pole, kifurushi cha pichi zilizokaushwa kichwani. Wawili hawa walikua pamoja, wakaolewa Ha Lebusa mwaka mmoja, nyumba zao zikitenganishwa na ua tu. Yeye wakwe walimwita Malineo, na Lineo akaja kweli.

Miguu ilikwenda, ila ulimi haukujua utakalosema. Amwiteje? Masekake? Huko ni kumtonesha kidonda. Pontsho? Aliyeolewa haitwi jina la usichana ila na anayemtukana. Ni kumwambia ndoa yako haikuwahi kuwapo. Likabaki la utotoni, Nonyana, yaani ndege, kwa vile alivyokuwa akirukaruka kufukuza ndege kwenye mtama. Lakini nani amwite mtu mwenye majonzi jina la mchezo?

Alipofika mlangoni akaona pa kuponyokea. "Dada, mpo?"

"Tupo. Pita."

Pontsho alikuwa akipukuchua mahindi. Akamwekea bakuli la uji mchachu wa mtama, wakaongea habari za mvua, za mbuzi, za Lineo aliyeanza kung'oka meno ya utoto. Dada hiki, dada kile.

Pontsho akacheka kidogo. "Tangu uingie nimekuwa dada. Ulikuwa ukinipigia kelele juu ya ua mpaka kuku wanakimbia."

"Ni heshima tu, mwenzangu."

"Heshima. Haya, kitendawili."

Moyo wa Moleboheng ukatua. Vitendawili walikuwa wakitegana tangu wakichunga ndama. "Tega."

"Nilibebeshwa mtoto asiye na uzito. Waliponitua, mgongo ukavunjika."

Jibu alilijua kabla mwenzake hajamaliza: ni jina. Lakini kulitaja mbele ya huyu, mdomo ulikataa.

"Nimeshindwa."

"Wewe? Kwa chepesi hiki?"

"Nimeshindwa, nakupa mji."

"Mji gani?"

Mazoea yakamponza. "Chukua Ha Lebusa."

Mikono ya Pontsho ikasimama juu ya gunzi. "Nimeuchukua," akasema polepole. "Nimekwenda Ha Lebusa, nimewakuta wote wazima. Nimemkuta na shoga yangu, yuko uani anamwamkia jirani mpya. Anamwitaje?"

Moleboheng akaukoroga uji usiohitaji kukorogwa. "Mimi naishi pale, mwenzangu. Mama mkwe ananihesabia kila neno."

"Sijakuuliza unaishi wapi."

"Namwita wanavyomwita."

"Basi jibu lenyewe ni hilo. Litaje, kitendawili kiishe."

Moleboheng hakulitaja. Akatafuta la kumbembeleza, akaona heri lile jina mwenzake alilopewa na mamaye. "Pontsho," akasema, kwa upole wote aliokuwa nao.

Pontsho akamtazama kama mtu anayetazama mlango uliofungwa. "Siku hizi mama yangu ndiye anayeniita hivyo. Yeye akiniita, analia. Wewe hata hulii."

Akasimama, akamwekea kifurushi cha pichi mkononi kikiwa hakijafunguliwa, akamsindikiza hadi kizingitini, basi. Hakusema karibu tena.

Jua lilikuwa bado juu Moleboheng alipofika kwake. Yule mwanamke mpya alikuwa akianika nguo, tumbo limemfika kifuani. Akanyoosha shingo juu ya ua.

"Umerudi, Malineo? Huko ng'ambo hawajambo?"

"Hawajambo, Masekake," akajibu, na jina likatoka laini, bila kukwama popote.