Ngao ya Mpole

Mtaani wanamwita Mpole, na kweli sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Hata siku mdogo wetu, mkewe, alipomwacha, akatoka na begi moja na jicho limevimba, Mpole alimwambia taratibu pale mlangoni: "Utarudi. Usiporudi, hutafika unakokwenda." Mimi ndiye niliyembebea begi. Nilisikia kwa masikio yangu.

Kwa hiyo alipoingia karakana yetu na lori lake, soda za baridi mkononi, mimi yangu sikuipokea. Kaka yangu alimkumbatia. Tangu baba afariki kaka ndiye mkubwa wetu, na kila ugomvi anataka uishe kabla chai haijapoa.

"Nimekuja kwa heri, shemeji," Mpole akasema. "Nitengenezeeni ngao."

Ile fremu ya mabomba inayofungwa mbele ya lori kulikinga na vichaka ilikuwa imechoka. Rangi ilibanduka magamba magamba, na ukiipangusa kiganja kinatoka chekundu kwa kutu. Kazi ya kawaida. Kilichonikera ni fito aliyotuachia, iliyokatwa alama kwa kisu.

"Ongezeni bomba moja chini, nene. Ukisimamisha fito ardhini, bomba likae kwenye alama hii."

"Chini mno," kaka akasema. "Kwani vichaka viko huko?"

"Vipo vifupi, shemeji."

Kaka akacheka mpaka soda ikampalia. Mimi niliishika ile fito na sikuona cha kuchekesha.

Asubuhi iliyofuata mdogo wetu alipita na kigari chake cha kusambazia mikate. Akiwa bado ameketi ndani, mkono kwenye usukani, niliisimamisha fito kando ya mlango wake. Alama ilifika katikati ya mlango, usawa wa kiuno chake.

"Dada, unalishonea gari langu nguo?"

Nikamwambia ninachoogopa: lile bomba limepimiwa mlango wake.

"Nimechoka kuogopa," akasema. "Nikijifungia ndani, hii mikate itajipeleka?" Akawasha gari, akaenda zake.

Nikamwendea kaka. Akanijia juu.

"Yaliyopita si ndwele! Mtu kaja kwa amani, wewe unampakazia uuaji? Tena siku ya kuchukua ngao nitamwita na mdogo wetu aje. Watakaa hapa hapa, wayamalize."

Kaka ukimwambia jambo ni kumpigia mbuzi gitaa. Nikaamua mikono yangu ifanye kile ambacho mdomo umeshindwa.

Kwetu kazi ina utaratibu wake. Mimi nabandua rangi, nasugua kutu kwa brashi ya waya, halafu nagonga bomba kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Panaponyamaza napiga chaki, na kaka anakata na kuchomelea chuma kipya. Pasipo na chaki haangalii mara mbili. Ananiamini.

Miguu miwili inayoishikilia ngao kwenye lori ilikuwa imeoza ndani. Niligonga, kimya. Nikairudisha chaki mfukoni. Nikaziba matundu kwa puti, nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeusi mara mbili mpaka nikajiona usoni. Lori litabaki lori, najua, lakini ile ngao ingekunjika kabla haijaingia mlangoni kwa mtu. Sijawahi kuharibu kazi, na hii niliiharibu kwa uangalifu kuliko nyingine zote nilizowahi kutengeneza.

Siku ya kuchukua, ngao ilikuwa na bomba lake la chini na tulikwisha kuifunga kwenye lori Mpole alipofika. Aliizunguka, akachuchumaa, akachukua spana akaanza kugonga kutoka upande mmoja. Ameoa kwetu, anajua tunavyofanya kazi. Chuma kikalia, kikalia. Kwenye mguu wa kushoto kikanyamaza. Akagonga tena. Kisha akaniangalia mimi, si kaka.

"Hapa umesahau chaki, shemeji," akasema kwa ile sauti yake.

Uso ulimshuka kaka kwa aibu. Alikwangua rangi kwa bisibisi, puti ikaanguka chini kama unga.

"Unanivunjia heshima kwenye karakana ya baba!"

"Kaka, usichomelee. Nakuomba kwa jina la mama."

"Toka mbele yangu."

Akakata miguu yote miwili, akachomelea mingine minene kuliko ya mwanzo, tena kwa bidii ya mtu anayeomba radhi. Cheche ziliruka. Mpole alisimama kando akimsifu. Chuma kilipopoa aligonga tena, na safari hii kililia kila mahali.

"Subiri basi," kaka akamwambia. "Mdogo wetu yuko njiani, nimeshampigia."

"Najua. Nitakutana naye huko huko." Akaichukua ile fito ukutani, akaniwekea mkononi. "Baki nayo. Sina kazi nayo tena."

Kaka alibaki mdomo wazi, kinyago cha kuchomelea kimemkaa utosini. Lori lilikuwa limeshatoka getini. Nilipiga simu kwa vidole vyenye rangi, ikaita, ikaita, akapokea. Nikasikia mngurumo wa kile kigari.

"Simama! Geuza gari, usije huku!"

"Dada, usinipigie kelele, naendesha. Kaka kasema yameisha." Nikasikia akibadili gia. "Lori lake lile linakuja. Ngao imeng'aa, jamani. Umepaka wewe?"