Amuri Ageuza Vigae

Amuri alikuwa na siku tatu za kumrudisha mkewe nyumbani. Aksanti alikwenda Kizuka kujifungua kwa mama yake, na sasa mtoto alikuwa na miezi saba, lakini mama mkwe, Zipora, alikataa katakata kuwaachia.

"Mujukuu wangu hatambai mu vumbi," alisema kwa simu. "Nakuja nao Jumamosi. Nikikuta karo chini, wanabaki. Nisipokuta, ninarudi nao."

Amuri akanunua hizo karo, vigae vyeupe vyenye maua ya buluu, vya kutosha sebule nzima, akamsimulia Aksanti kwa simu. Theonest, fundi wa jirani, akaja kuvitazama kama paka aliyesikia harufu ya samaki.

"Nikupangie?"

"Nimeanika ndagala miaka kumi na mbili hapa Rumonge," Amuri akamjibu. "Nishindwe kupanga karo?"

Theonest akacheka, akaenda zake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila huyu wetu alikuwa karibu kuvunja ndoa.

Na tumtendee haki: alipanga vizuri. Ijumaa tangu alfajiri alivuta kamba, akamwaga simenti, akaweka kigae baada ya kigae, na kabla ya adhuhuri sebule ilikuwa imejaa maua. Akakaa kizingitini akijipongeza kwa sauti, maana hapakuwa na mwingine wa kumpongeza.

Kisha jua likafika utosini, na mikono ikaanza kumwasha.

Kila mwanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, anajua saa hiyo. Ulichoanika asubuhi, adhuhuri unakigeuza. Usipogeuza, juu panakauka na chini panaoza, na mteja hali juu peke yake. Amuri akagusa kigae: kikavu. Akapenyeza kidole chini ya ukingo: tope tupu!

"Mungu wangu," akasema, "chini zote zimelowa."

Akachukua panga. Akabandua cha kwanza, akakigeuza, maua yakazama kwenye simenti na mgongo ukatazama juu kupigwa hewa. Akabandua cha pili. Vigae themanini na sita, kimoja kimoja, kwa uangalifu wa mama anayegeuza mtoto usingizini. Asubuhi angevirudisha, kama afanyavyo ndagala zake siku ya pili, na kila kitu kingekuwa kikavu pande zote. Alilala kwa raha iliyoje!

Jumamosi asubuhi akapiga panga chini ya kigae cha kwanza. Hakikutikisika. Akapiga cha pili, cha tatu. Kwenye cha nne mpini ukavunjika, na hapo hapo kengele za baiskeli zikalia nje. Zipora alikuwa amefika, na nyuma yake Aksanti na mtoto.

"Amahoro, mama," Amuri akasema, macho chini kama inavyompasa mkwe. Kwa bahati mbaya, chini ndiko kulikokuwa na aibu yake yote.

Zipora akasimama mlangoni. "Mukwe, hii ni nini?"

"Ni karo, mama."

"Aksanti aliniambia iko na maua. Maua iko wapi?"

"Iko chini."

"Chini ya nini?"

"Chini ya karo." Amuri akagusa moja kwa mpini uliovunjika. "Nilizigeuza, mama. Zikauke."

Zipora alikuwa akinunua ndagala soko la Gitaza tangu usichana wake. Alielewa mara moja, na kuelewa huko ndiko kulikomkasirisha zaidi.

"Aksanti, rudi ku kinga. Twende," akasema akionyesha baiskeli.

Moyo wa Amuri ukapasuka. "Mama, nitavunja zote, nipange tena, nimuite Theonest, nifanye yote. Tafadhali. Nimemukumbuka muke wangu. Hata mutoto sijamubeba mwezi wa pili sasa."

Lakini Aksanti alikuwa amekwisha kumpita mama yake na kuketi sakafuni. Alicheka mpaka kitenge kikamfunguka, mtoto naye akacheka kwa kumwona mama yake.

"Mama, wewe rudi, murakoze kwa yote," alisema akijifuta machozi. "Mimi nabaki. Huyu miezi saba peke yake ameanika nyumba. Nikimuacha mwaka, ataigeuza."

Akainuka, akamweka mtoto mikononi mwa Amuri. Na Amuri, mtu mzima mwenye ndevu zake, akalia mbele ya mama mkwe wake bila hata kuficha uso.