Kikokotoo Kilichochomwa Msumari

"Duka halirudishiwi kitu kilichochomwa msumari, Baba Njeru! Hilo nalo hukulijua, mtu mzima na mvi zako?"

Marcella alikigeuza kikokotoo kifudifudi juu ya meza, katikati ya vikombe vya chai. Mgongoni mwa kikokotoo, kwa herufi nene zilizochomwa kwa moto, paliandikwa UKOO WA GICHOVI. Plastiki ilikuwa bado inanuka.

"Nimekiwekea alama," alisema Gichovi, ndugu mkubwa wa mumewe. "Kila kitu cha ukoo huu kina alama. Viti vya sherehe vina alama. Mitungi ya maziwa ina alama. Huko Nairobi wezi wamejaa. Unataka mtoto aibiwe?"

"Mtungi wa maziwa haufanyi mtihani!"

Ngari, mume wa Marcella, alikohoa kama mtu anayetaka kusema neno, kisha akainamia kikombe chake akaanza kukichunguza. Marcella alimtupia jicho. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na bado ndugu yake mkubwa akiingia humu ndani ulimi wa Ngari huenda likizo.

Binti yao Kaari alikuwa anaripoti chuo kikuu Jumatatu, kusomea uhandisi. Gichovi, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo, alikuwa amesema kikokotoo cha kuchora grafu ataleta yeye, tena atamkabidhi mbele ya kanisa kesho, baada ya maombi ya kumuaga. Mchungaji alikuwa ameshatangaza. Gichovi akateremka kutoka Kianjokoma hadi mjini Embu, akaambiwa kuna vya aina nyingi, akaelekeza kidole kwenye kikubwa kuliko vyote, kilicho na kioo cha rangi kama simu. Jioni hiyohiyo akapasha msumari moto jikoni kwake.

Leo asubuhi, akipanga vyeti vya Kaari kwenye faili, ndipo Marcella alipoisoma barua ya idara mpaka mwisho. Ukurasa wa nne: vikokotoo vya grafu vinaruhusiwa, isipokuwa vile vinavyotatua aljebra vyenyewe. Hivyo haviingii chumba cha mtihani. Na mtihani wa kwanza ulikuwa wiki ileile ya kuripoti. Ambaye angeshindwa angehamishiwa kozi nyingine. Marcella alibeba boksi aliloachiwa na Gichovi, akakimbia mjini. Mwenye duka akakitoa, akakigeuza, akasoma jina la ukoo, akacheka.

"Alicheka, Baba Njeru. Mbele ya wateja. Akaniuliza kama hiki ni kikokotoo au ng'ombe."

"Mimi sielewi kelele ni ya nini. Hii kitu inafanya hesabu yenyewe. Si ndiyo nzuri zaidi?"

"Ndiyo maana imekatazwa! Mtoto anapimwa yeye, hapimwi mashine!"

"Kama imekatazwa, mbona wanaiuza?"

Marcella alifumba macho. Alikuwa na diploma ya kilimo na duka la pembejeo hapo sokoni, na kila siku alikuwa akiwauliza wakulima maswali yaleyale kabla hajawauzia pampu ya kunyunyizia dawa. Shamba ni tambarare au la mteremko? Unanyunyizia kahawa au nyanya? Atakayeibeba mgongoni ni nani? Aliyetaka kuondoka na pampu bila kujibu alimrudisha.

"Ulimuuliza nani kabla hujanunua?" alisema. "Nitajie mtu mmoja. Ulimuuliza Kaari?"

"Nilikuuliza wewe."

"Mimi?"

"Nilikupigia nikiwa dukani. Nikakwambia, Mama Kaari, hapa kuna ndogo na kuna kubwa. Ukasema nini? Sema mbele ya mume wako ulichosema."

Marcella alihesabu siku kurudi nyuma. Alikumbuka. Siku hiyo mzee mmoja wa Karurumo alikuwa amemsimamia kaunta na kuku wawili waliokufa ndani ya gunia, akidai dawa ndiyo iliyowaua, na simu ilikuwa imebanwa kati ya sikio na bega. Chukua ile nzuri kabisa, alikuwa amesema, tumalize hayo mambo.

Hasira ikatafuta mtu mwingine.

"Na wewe!" alimgeukia Kaari, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na taulo ya vyombo begani. "Ndiwe unayeenda kusoma. Una mdomo wa kuomba bando kila siku, wa kusema unataka kikokotoo gani huna?"

"Nilisema, mama."

"Ulisema lini?"

"Mwezi wa nane." Kaari alijibu taratibu, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kama angepiga kelele. "Nilikuja na ile ya Mwalimu Kathuri. Ile ya kijivu. Alisema nikae nayo mpaka nimalize chuo. Ninaijua, mama. Nimefanya nayo mazoezi miaka miwili, naweza kuchora grafu nikiwa nimefunga macho. Na ni ya kawaida, haitatui kitu, inaruhusiwa. Nilikuonyesha hata kwenye barua. Ulikuwa unahesabu mifuko ya mbegu, ukaniambia niweke barua mezani."

"Sasa..."

"Ukaniambia nimrudishie. Kabla sijairudisha ukaibeba mwenyewe. Ukamwambia mtoto wako si wa kuvalishwa mitumba. Nilikuwa nyuma yako getini, nilisikia."

Gichovi alianza kutabasamu, kisha akamwona Marcella uso ulivyokuwa, akaacha.

Marcella alijiona getini kwa Kathuri, akiinyoosha ile mashine kuukuu kwa vidole viwili kama panya aliyeshikwa mkia. Mwalimu aliyemfundisha mtoto wake hesabu Jumamosi nzimanzima bila kuitisha hata kikombe cha uji. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Alikuwa na hasira na Gichovi bado, na ile ya Ngari ilikuwa palepale, lakini kubwa zaidi sasa ilikuwa hasira juu yake mwenyewe.

Akakitia kikokotoo ndani ya boksi.

"Vaa viatu," alimwambia Kaari.

"Mnaenda wapi na hiyo?" Gichovi alisimama, akaweka mkono juu ya boksi. "Hii ni zawadi ya ukoo. Zawadi haipelekwi kwa watu baki. Na kesho nitatoa nini kanisani? Nisimame mikono mitupu mbele ya watu wote?"

"Utatoa maombi. Hayo huwezi kuyachoma msumari."

"Mama Kaari, usinivunjie heshima."

"Ondoa mkono, Baba Njeru."

Hakuondoa. Boksi lilianza kupasuka pembeni. Ndipo kikombe kilipogonga meza.

"Mwachie, kaka," alisema Ngari. Sauti ilitoka ikikwaruza, kama mlango usiofunguliwa mara kwa mara. "Anayefanya mtihani ni Kaari."

Gichovi alimkodolea macho mdogo wake kana kwamba kiti kimezungumza. Mkono ukalegea.

Kwa Mwalimu Kathuri hapakuwa mbali, ng'ambo tu ya mashamba ya majani chai. Marcella alitembea mbele kwa kasi, Kaari akimfuata nusu akikimbia. Walimkuta uani akipogoa parachichi. Aliona boksi, akamwona aliyelibeba, akaweka panga chini polepole.

"Mama Kaari! Leo umekuja kunirudishia nini tena?"

"Ninastahili hilo, mwalimu. Ongeza lingine kama unalo, halafu nikuambie kilichonileta."

"Nililokuwa nalo ni hilo moja tu."

"Siku ile niliongea upuuzi. Uliyempa kitu kizuri nilimnyang'anya, nikakutukana mbele yake. Naomba unisamehe." Alisema yote kwa pumzi moja, kwa sauti ileile aliyotumia kuwaagiza watu wa kupakua mbolea. "Sasa tubadilishane. Hii ni mpya na ina nguvu, ila chuo hawaitaki. Shuleni kwako wanafunzi wa chama cha hesabu wataitumia. Mgongoni ina jina la shemeji yangu. Utavumilia."

Kathuri alikitoa, akakigeuza, akasoma, akakirudisha ndani ya boksi. Mabega yakaanza kumtikisika. Akaingia ndani akirudiarudia "Ukoo wa Gichovi" kwa lafudhi yake ya kwao Githongo, akatoka na kile cha kijivu, kifuniko chake kimefungwa kwa mpira.

Marcella alinyoosha mkono kukipokea, kisha akaurudisha.

"Kaari. Kabla sijakitoa hiki, nakuuliza na unijibu. Hicho cha kijivu ndicho unachokitaka? Usiniangalie mimi, angalia hicho."

Kaari hakukiangalia. Alikuwa ameshakichukua kwa mwalimu na kidole gumba kilikuwa juu ya vitufe, kikienda chenyewe.

"Ndicho."

"Haya, mwalimu." Marcella akamkabidhi Kathuri boksi lililopasuka pembeni. "Kimekuwa chako. Betri za hicho cha kwetu ni za namna gani, ninunue nikishuka?"