Filta Hasi Tatu

Kwa wasiojua, chuo kikuu ni mahali ambapo mtu hukabidhiwa ufunguo wa chumba chake mwenyewe na kuambiwa ajisikie huru. Mimi nilikabidhiwa ufunguo huo nikiwa na miaka kumi na minane, nikitoka moja kwa moja kwenye bweni la shule, ambako tulilala vitanda vya ghorofa na mtu akikohoa upande wa dirishani, wa mlangoni anamwambia pole. Siku ya kwanza chumbani kwangu nilikohoa. Nikangoja. Kisha nikajiambia pole mwenyewe, kwa heshima zote.

Shuleni nilikuwa na kazi inayoeleweka. Nilikuwa mtundu. Cheo hicho hakitolewi na mwalimu mkuu, lakini kila mtu alijua nani anacho. Soksi za kiranja zikikutwa zinapepea kwenye mlingoti wa bendera, watu hawakuuliza ni nani; waliuliza amezipandishaje. Ila mzaha unahitaji mtu wa pili, na somo hilo hawalifundishi popote. Mwezi wa kwanza chuoni nilitia chumvi kwenye kopo langu la sukari, nikalifunika vizuri, na asubuhi nikajikorogea chai nikijua kila kitu. Niliinywa yote. Sikuweza hata kujikasirikia.

Kozi yangu iliitwa Mifumo ya Taarifa za Biashara na Uandishi wa Programu. Darasa letu lilikuwa la jioni, limejaa watu wenye kazi, ndoa na magoti yanayouma. Waliniita Dogo. Walikuwa wema kwangu kama mtu anavyokuwa mwema kwa kiti cha ziada. Kipindi kikiisha, huyu mtoto wake ana homa, yule mumewe yuko getini, na kabla sijafunga begi tumeshabaki wawili, mimi na ubao.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa hivi: kila mwanafunzi, peke yake, atafute biashara ya kweli, aijengee mfumo wa kompyuta, kisha mhadhiri aje kuushuhudia ukifanya kazi. Siku hiyo mtumiaji anakaa mbele ya kompyuta, mhadhiri anakaa nyuma yake na kalamu, na mwanafunzi anasimama pembeni, haruhusiwi kutamka neno wala kunyoosha kidole. Kila kosa la mtumiaji linakatwa kwenye alama za mwanafunzi.

"Mtumiaji hakosei," alisema mhadhiri, mtu mkavu ambaye hata chafya alipiga kwa mpangilio. "Anayekosea ni wewe uliyemwachia nafasi."

Anayefeli kazi hiyo anarudia mwaka mzima. Wenzangu waliogopa ada. Mimi niliogopa kile chumba.

Mjomba wangu alikuwa akifahamiana na meneja wa gereji moja, akaniombea. Nyuma ya gereji hiyo kulikuwa na stoo ya vipuri, chumba kirefu chenye rafu hadi darini, kinachonuka mpira na grisi, na dirisha dogo la waya lenye uwazi wa kupitisha mkono. Mtunza stoo alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Stoo. "Mama Stoo, plagi nne." "Mama Stoo, mkanda wa feni." Mkono unaingia, mkono unatoka. Siku ya kwanza nilikaa pale tangu asubuhi hadi jioni nikiandika jinsi kazi inavyokwenda, na sikuona uso wa fundi hata mmoja. Niliona mikono tu. Zamani walikuwa wawili humo ndani, aliniambia. Mwenzake alistaafu, na kwenye meza yake pakaletwa kompyuta.

Sasa, programu haiwezi kukaa kimya unapokosea. Ukiandika herufi mahali pa namba lazima ikuambie kitu, na maneno hayo huyaandika yule aliyeitengeneza. Vitabu vinashauri ufupi: "Kiasi si sahihi." Mimi nilikuwa chumbani nikiujaribu mfumo wangu kwa kukosea makusudi, na baada ya kuambiwa kutwa nzima kwamba kiasi si sahihi, tena na mtu ambaye ni mimi, nikaona afadhali niambiwe na mwingine. Nikamkumbuka kiranja wa bweni letu, kijana aliyesoma majina ya wachelewaji kama anayetangaza msiba. Nikampa ajira.

Ukitoa beringi nyingi kuliko zilizopo, alisema: "Kasha lina beringi saba, wewe umetoa ishirini. Bweni zima linasubiri maelezo." Ukiweka tarehe ya mbele: "Siku hii bado haijafika. Nani kakutuma uitangulie?" Ukiacha nafasi wazi: "Ukimya wako umepokelewa kwa masikitiko."

Nilipoufunga mfumo gerejini nilimwacha mle kiranja wangu, na sikumwambia Mama Stoo lolote. Nilitazamia ashtuke, apige simu, anigombeze. Nilikaa na simu mkononi kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Hakupiga. Hata kugombezwa nako kukanipita.

Wiki iliyofuata nikaenda kukagua. Nilipofika mlangoni nikasikia sauti yake ndani. "Wewe nawe," alikuwa akisema, "kwani nikinyamaza namuudhi nani?" Nikadhani ana mgeni, nikagonga. Hakuwa na mgeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Huyu bwana ana umri gani?"

"Bwana yupi?"

"Huyu wa humu." Akagonga skrini kwa ukucha. "Ana gubu kama mkwe."

Nikaona nimekwisha. "Samahani, mama. Nitamtoa leo hii hii."

"Umtoe umpeleke wapi? Mwache. Ila maneno yake machache. Lile la bweni jana amelirudia mpaka nikamwonea huruma."

Akanisogezea kreti la chupa nikae. Halafu, mbele ya macho yangu, akaandika makusudi kwamba ametoa betri mia sita. Kiranja akataka maelezo. Mama Stoo akajibu, "Maelezo nitampa mwalimu wako, si wewe," akafuta, akaandika idadi ya kweli, akaendelea na kazi kama hakuna kilichotokea.

Tangu siku hiyo nikawa na kazi tena. Kila Jumatano nilikwenda kusikiliza majibu yake, nikarudi nayo chumbani, nikayaandikia majibu. Alisema, "Mwambie mimi si mwanafunzi wake." Wiki iliyofuata akiweka herufi mahali pa namba anaambiwa: "Mama Stoo amekana kuwa mwanafunzi. Suala liko kikaoni." Alisema, "Kikao cha nani, na yuko peke yake humo?" Hilo nililibeba njia nzima na sikulipatia jibu la haraka. Mwishowe nikaandika: "Kikao kimeahirishwa kwa kukosa wajumbe." Alipolisoma hakucheka. Aliligusa kwa kidole, kisha akaniuliza kama nimekula.

Chumbani nilianza kucheka peke yangu, lakini kile si kicheko cha upweke kamili, maana ndani yake kuna mtu mwingine atakayecheka Jumatano.

Siku ya mhadhiri ikafika. Mama Stoo alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani na kumpangusia mgeni kiti. Nikamwambia mapema, kabla sijafungwa mdomo: "Mama, leo fanya kazi kama kawaida tu. Usikosee. Kila kosa ni alama zangu."

"Ondoa wasiwasi," akasema. "Leo namwonyesha mwalimu kazi yako yote."

Ningesikiliza vizuri neno lile "yote", huenda ningemwahi. Sikusikiliza.

Mhadhiri akakaa, akafungua kalamu. Mama Stoo akapokea filta za oili, akatoa plagi, akahesabu rafu ya breki. Safi, haraka, kidole hakikutetereka. Nikaanza kupumua. Ndipo akageuka nusu, akamtazama mhadhiri kama mtu anayetaka kufungua albamu ya familia.

"Mwalimu, ngoja uone."

Akaandika: filta, hasi tatu.

Skrini ikasema: "Filta hasi tatu. Mama Stoo, hizo zilizopungua kuliko sifuri zimekwenda kuishi wapi?"

Mama Stoo akavunjika mbavu. Mhadhiri akachora mstari mmoja kwenye karatasi yake.

Akaweka tarehe ya mwakani. Mstari. Akaacha nafasi wazi ili mgeni asikose lile la masikitiko. Mstari. Kila mara aligeuka kumtazama kama amecheka, na kila alipoona bado, akatafuta lililo zuri zaidi, kwani alidhani tatizo ni uteuzi. Mimi nimesimama kando ya rafu ya mikanda, nimeuma ulimi, mikono nyuma kama paredi. Ningekohoa tu angenielewa. Ila kanuni ilisema si neno wala ishara, na mhadhiri alikuwa na masikio hata kisogoni. Mwishowe Mama Stoo akamwonyesha lile la kikao kukosa wajumbe, akalisoma kwa sauti, taratibu, na kwa mara ya kwanza hakugeuka nyuma.

Mhadhiri akafunga kalamu. "Mama," akasema, "mfumo huu unakukosesha sana."

"Sijakosea, mwalimu."

"Nimehesabu."

"Sikukosea," akasema Mama Stoo. "Nilikuwa namwita."

Mkono ukaingia dirishani ukaomba fyuzi, ukapewa, ukatoka.

Mhadhiri aliniita nje, karibu na matairi makuukuu. Nilijiandaa kusikia habari za mwaka mwingine. Badala yake akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Hesabu zako ni sahihi," akasema. "Sijaona mwanafunzi wa mwaka wako aliyezifunga vizuri hivi. Lakini ripoti ya meneja inaonyesha nini?"

"Stoo iliyopo, iliyotoka, na kila ingizo lililokataliwa."

"Nani aliiweka hiyo ya yaliyokataliwa?"

"Mimi."

"Meneja ameisoma?"

"Bado. Anaanza kuipokea mwisho wa mwezi."

"Siku atakayoifungua ataona mtunza stoo anayeandika filta hasi tatu na tarehe za mwakani kila siku ya Mungu. Hatamfukuza huyo anayeitwa kwenye skrini, Dogo." Akavaa miwani. "Una wiki moja. Weka maneno ya kawaida, futa yaliyokataliwa wakati wa majaribio, nitakupitisha. Ukibaki na haya, nakufelisha, na hilo litakuwa dogo kuliko litakalompata yeye."

Nilitafuta hoja ya kuchekesha. Huwa ninayo. Nikasema, "Sawa, mwalimu."

Kumtoa kiranja kulichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Nilidhani kutakuwa na ugumu wa kiufundi, nikautafuta kidogo, haukuwapo. Unafuta mstari, unaandika "Kiasi si sahihi." Unafuta mwingine, unaandika "Tarehe si sahihi." Nilipofika kwenye lile la wajumbe niliinuka nikafungua dirisha, nikatazama kamba ya nguo ya jirani nisiyemjua, nikarudi nikaandika "Jaza nafasi hii."

Mhadhiri akaupitisha, na Jumatano nikaenda kuufunga mfumo mpya. Mama Stoo alinipisha kiti bila kuuliza. Nilipomaliza akakaa, akaandika herufi mahali pa namba.

"Kiasi si sahihi."

Akaandika tena, kwa upole, kama mtu anayegonga mlango wa mtu aliyelala.

"Kiasi si sahihi."

"Amekwenda wapi?"

"Amehamishwa, mama."

"Hata kuaga?"

"Hakupewa nafasi." Nikamweleza kuhusu ripoti, na meneja, na mwisho wa mwezi. Nilieleza vizuri, hatua kwa hatua, kama nilivyofundishwa. Alisikiliza huku akiviringisha beringi ndogo mezani kwa kidole kimoja.

"Basi amefanya jambo la maana," akasema. "Angenipotezea mkate. Umefaulu lakini?"

"Nimepita."

"Hongera, mwanangu. Wamekwambia kina nani hongera?"

"Bado sijawaambia watu."

Akanitazama. Nikatazama rafu.

"Na huku kazi yako imekwisha," akasema.

"Naweza kuja kuukagua mfumo. Mara moja moja."

"Hauna tatizo. Umeona mwenyewe."

Mkono ukaingia dirishani. "Mama Stoo, breki pedi seti mbili." Akainuka, akazitoa rafuni, akazipitisha, akarudi kuandika. Skrini ikasema imehifadhi. Mkono mwingine ukataka plagi. Mwingine, mkanda wa feni.

Kreti la chupa lilikuwa palepale, nami nikakaa juu yake, begi mapajani, nikisubiri akosee hata mara moja tu. Jioni ikaingia, mafundi wakaanza kufunga milango ya gereji, na Mama Stoo alikuwa hajakosea.