Mfupa Ndani ya Kisagio cha Bernadine

Bernadine Hoelscher alikuwa na hoja moja tu, na aliitumia miaka kumi na moja bila kuchoka. Sikukuu ya Shukrani, alisema, lazima iliwe nyumbani kwake kwa sababu sinki lake lina kisagio, mashine ya kusaga mabaki ya chakula. Unasukumia mabaki kwenye tundu, unabonyeza swichi ukutani, kitu kinanguruma huko chini, basi, yamekwenda. Kwa mkwewe Denise, kule nje kidogo ya Toledo, maji machafu huishia kwenye shimo la uani, kwa hiyo hakuna kisagio. Kuna ndoo.

"Watu ishirini na ndoo," Bernadine alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Mimi ni jirani yake, tumetenganishwa na uzio tu, na kwa kuwa sina watu wangu wa karibu, kila mwaka huwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Niliyoyaona nimeyaona mwenyewe. Niliyosimuliwa nimeyahakikisha kwa watu wawili watatu.

Denise aliitaka sikukuu hiyo. Tangu aolewe na Curt, mwana wa Bernadine, kila mwaka kabeba bakuli lake la maharage, kakaa pembeni kwenye ile meza ya kukunja, karudi kwake. Siku moja tukifuta vyombo aliniambia anatamani mara moja tu watoto wake waamke wakute harufu ya bata mzinga imejaa nyumbani kwao wenyewe. Mara moja tu, Roxie, akasema, halafu akasugua sahani iliyokwisha kukauka.

Lakini uamuzi waliuachia mfupa. Ule mfupa wa kidari cha bata mzinga, wenye panda kama manati, huko kwa Bernadine hauvunjwi siku ile ile. Unaanikwa mwaka mzima dirishani, juu ya sinki. Sikukuu ikirudi, kabla ya sala ya chakula, Bernadine anashika mguu mmoja, Denise mguu wa pili, wanavuta mpaka uvunjike. Mwenye kipande kirefu ndiye mwenyeji wa mwakani. Mara kumi na moja wamevuta, mara kumi na moja kashinda Bernadine. Siri niliijua: gumba lake alilipandisha taratibu mpaka karibu na kichwa cha mfupa, pale ambapo hapavunjiki. Denise naye aliijua. Sasa nani atamwambia mama mkwe wa miaka sabini na tisa kwamba ni mwizi wa mfupa?

Mwaka huo sisi watatu tulimenya viazi, maganda yakajaa karai. Denise akajitolea, kwa adabu zote, kuyapeleka nje. Mafundi bomba wa Ohio hawapumziki Ijumaa inayofuata sikukuu kwa sababu ya maganda hayo hayo, kila mtu anajua, na kila mwaka tunayatupa sinkini. Bernadine alimnyang'anya karai. Kisagio hicho, alisema, kilifungwa na marehemu mumewe Elmer kwa mikono yake, na kimekula vikubwa kuliko maganda. Akamimina yote kwa mkupuo. Kiwiko chake kikapita dirishani, na mimi nikaona kitu cheupe kinaruka. Kabla sijafungua mdomo, alikwisha kubonyeza swichi.

Kisagio kilitafuna mara mbili, kikagota, kikabaki kinavuma kama nyuki ndani ya kopo, halafu kimya. Maji ya kijivu yakaanza kupanda sinkini.

Ilikuwa saa tano na nusu, na wageni walitarajiwa saa nane. Curt na kaka yake waliinuka kutoka kwenye mpira wao wa televisheni, kila mmoja akabonyeza swichi kwa zamu, mmoja akasema ni umeme, mwingine akasema ni bomba, wakarudi kukaa. Fundi tuliyempigia simu alisema kesho jioni, na nadhani alikuwa anacheka.

Denise alifunga kitambaa kichwani na kuingia chini ya sinki. Amepika miaka sita jikoni mwa shule, na huko kisagio ni kikubwa kama pipa. Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kumuuliza. Alichomoa plagi kwanza. Akaweka ndoo, akafungua bomba lililopinda, uji wa maganda ukateremka mzito kama gundi.

"Naona ndoo imefika na huku, Mama," akasema kutoka chini.

Bernadine alijifanya anaonja mchuzi.

Ubavuni mwa kisagio kulikuwa na bahasha iliyobandikwa kwa utepe, na ndani yake kile kifunguo cha pembe sita kilichopinda, cha kuzungushia mashine kwa mkono ikikwama. Nje ya bahasha, mwandiko wa Elmer: *Bernie, maganda ya viazi usitie.*

Niliusoma kwa sauti, mimi nikiona kitu nakisoma.

"Hiyo ni ya zamani," akasema Bernadine.

Denise alichomeka kifunguo kwenye tundu la katikati, chini kabisa, akazungusha kulia, kushoto, kulia. Kitu kikalia ko! Akatoka, akamulika tundu la sinki kwa tochi, akaingiza koleo la kugeuzia nyama. Akatoa mfupa vipande viwili: kimoja kirefu na kichwa chake, kingine kifupi. Akavipanga kwenye kitambaa. Sote tukainama kuvitazama, hata kwenye mpira nadhani walisimama.

"Haihesabiki," akasema Bernadine. "Hakuna aliyevuta."

"Wewe umebonyeza, mimi nimetoa. Tumevuta wote."

"Kisagio ni changu. Kirefu ni changu."

Denise alifikiri kidogo. Halafu akaokota kile kifunguo. "Sawa, Mama. Basi naurudisha mfupa nilipoutoa, nakaza na bomba na uji wake. Wageni watakuja waukute."

Bernadine alimtazama, akaitazama saa, akatazama maji ya kijivu. Nililiona gumba lake linacheza, linatafuta pa kupanda.

"Gumba, Mama," akasema Denise taratibu.

Basi Bernadine akacheka, mpaka akashika ukingo wa sinki. Alisema alikuwa anajiuliza hii familia itaugundua mchezo wake mwaka gani. Akamsukumia Denise kipande kirefu.

Denise alikaza bomba, akarudisha plagi, akabonyeza kitufe chekundu kilicho chini ya mashine, cha kuiwasha upya, akafungua maji baridi. Kisagio kikanguruma. Akakilisha barafu ya kusafishia meno yake na ganda la limau la kuondoa harufu, na wageni walipoingia saa nane jiko lilinukia kama hakuna kilichotokea. Wote walikwisha kupata habari kabla hawajavua makoti. Mimi ndiye niliyefungua mlango.

Mwaka uliofuata tulikula kwa Denise. Watoto walitupokea barazani wakiwa bado na nguo za kulalia, wakinukia bata mzinga. Bernadine alimenya viazi vyote, akatia maganda ndooni moja moja, kama anayepiga kura asiyoipenda. Mkobani alikuwa na kile kifunguo, ingawa huko hakuna kisagio. Alisema kakibeba kwa bahati mbaya.